Tulisema Baa Itoke Msikitini, Ikaja Mlangoni Kwangu

Ndugu wasomaji, nina miaka arobaini na mitatu, ni mjane wa hapa Kasongo, na haya ninayoyaeleza yananichoma hadi leo... Lakini msinionee huruma haraka. Sehemu ya kosa ni yangu!

Mume wangu alipofariki aliniachia nyumba na binti mmoja, Zaina, ambaye sasa ana miaka kumi na minane. Nilikaanga vitumbua kila alfajiri, nikamlea kwa adabu, na kijana wa Kabambare akamposa. Ulibaki mwezi mmoja tu kabla ya harusi. Nilitaka nini tena duniani?

Shemeji yangu Saidi, mdogo wa marehemu, alikuwa kapita wa mtaa, mtu wa kutumwa na ofisi ya Wabelgiji. Eda yangu ilipokwisha alitaka kunirithi. Nilikataa mbele ya wazee. Akacheka, akasema hana neno, nami mjinga nikaamini.

Siku zile kulikuwa na baa karibu na msikiti. Gramafoni ikishindana na adhana, walevi wakikojoa ukutani... Nani angevumilia? Mimi ndiye niliyewakusanya akina mama, tukaenda kwa mzungu wa teritwari, mkuu wa wilaya yetu, kupiga kelele: baa itoke msikitini! Mzungu akakubali. Akasema sheria inakataza nyumba ya pombe karibu na msikiti, shule ya mapadri au nyumba za wazungu, basi Saidi apime umbali kwa mnyororo na kutafuta mahali pengine.

Tulirudi tukipiga vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyeuliza inakwenda wapi.

Ikaja kwangu! Ukuta kwa ukuta! Nilimkimbilia Saidi nikihema. Akanijibu akitazama pembeni, "Iko sheria, shemeji. Miye nilipima tu."

Jamani, mtaa uligeuka upesi. Wanawake wa baa wakapanga vyumba jirani, na wanaume wakagonga mlango wangu mchana kweupe wakidhani nami ni wa kazi hiyo. Kisha ofisi ikaamuru kwamba katika mtaa wenye baa, kila mwanamke mzima asiye na bwana aandikwe kwenye daftari, alipe kodi yake. Watu waliliita kitabu cha malaya. Mjane, bikira, wote mle mle!

Na karani akachagua siku gani? Siku wakwe walipofika kutoka Kabambare! Shangazi wa kijana alikuwa na sahani ya wali mkononi. Karani akauliza bwana wa nyumba yuko wapi. Nikasema ni marehemu. Akaniandika. Akamgeukia Zaina, "Na huyu? Iko na bwana?" Nikapiga kelele kwamba ni mchumba wa watu. Akamwandika vilevile.

Shangazi akaweka sahani chini. Aliondoka bila hata kunawa mikono.

Nilimpigia Saidi magoti. "Ukubali nikuoe," akasema, "nyumba itakuwa na bwana, na majina yenu yote mbili itatoka mu kitabu." Ningefanya nini? Zaina alinikataza kwa machozi, nikamwambia ninamwokoa yeye. Tukafungishwa ndoa, majina yakafutwa, nikatuma habari Kabambare. Jibu likaja kwamba kijana ameshaoa mwingine huko Lusangi...

Halafu siku moja karani, katika maongezi tu, akaniambia kulikuwa na kiwanja kitupu njia ya Nyangwe, mbali na nyumba zote, na kilitimiza sheria. Saidi ndiye aliyemwambia mzungu kuwa kinajaa maji. Uongo! Nimelima karanga pale miaka mitano! Nilipomuuliza Saidi, hakukana. "Ulinikatala mbele ya watu," akasema. Kisha akaitisha chai.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wa kwangu ninamfulia kanzu.

Nilimweleza Zaina yote, nikitumaini atamlaumu baba yake mdogo. Akanitazama mimi. "Mama, mulisema itoke kwa musikiti. Hamukusema iende wapi." Tangu siku hiyo ananisalimia kwa heshima zote, na hapo maneno yetu yanaisha.

Mama zangu, dada zangu, nawasihi! Mkienda kudai kitu kibaya kiondolewe, msishangilie bado. Ulizeni kinapelekwa kwa nani. Siku ya mnyororo acheni vitumbua viungue, mwende mkasimame pale wenyewe, mwone kwa macho yenu. Mimi nilikaa nyumbani nikipiga vigelegele, na aliyelipa ni mwanangu.