Niliuficha Moshi Mkaguzi Asiuone, Ukamfuata Dada Yangu

Nina miaka thelathini na tisa, fundi wa injini za meli, naishi Buzebazeba. Haya ninayoyaandika hata mke wangu hayajui...

Mkaguzi aliizuia boti yetu ya abiria bandarini Kigoma kwa sababu ya moshi mweusi. Sheria ni sheria, alisema, nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini zibadilishwe ndipo tuondoke. Tajiri wetu, mwenye boti, akafoka, akaniuliza mimi ni fundi gani nisiye na akili!

Sifa tu ziliniponza. Nikakata bomba la moshi lililosimama juu ya paa, nikalipitisha nyuma, karibu na maji. Nozeli zile zile mbovu! Mkaguzi aliporudi nikaiwasha injini, nikaiacha iende polepole. Mkaguzi akatazama juu, hakuona kitu, akasaini. Tulicheka sana siku ile.

Safari ya kwanza alipanda dada yangu Mariamu, aliyenilea tangu mama afariki. Alikuwa anapeleka dagaa wa Katonga vijiji vya kusini. Alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza baada ya miaka kumi na moja ya ndoa! Mimi mwenyewe nikamchagulia pa kukaa: nyuma, juu ya magunia, penye kivuli.

Njiani mvua ikashuka. Wenzangu wakateremsha maturubai abiria wasilowe. Nilikuwa chini kwenye injini nikisikia mvua inavyopiga bati, ndipo nikashtuka... Bomba! Moshi wote ulikuwa unaingia mle ndani ya maturubai!

Nilipanda ngazi nikiteleza, nikachana turubai kwa kisu. Wanawake walikuwa wanatapika. Dada alikuwa amelala kifudifudi, hajitambui. Nikamburuta hadi mbele huku nikilia, dada amka, dada amka!

Aliamka. Mtoto hakupona.

Tajiri akapiga simu, akataka bomba lirudishwe juu haraka kabla watu hawajauliza. Nami nikalirudisha! Mtu gani mimi?

Mafundi wenzangu, nawasihi, anayewazuia kwa moshi si adui yenu. Tengenezeni injini. Moshi ukiuficha, kuna mtu anauvuta.

Sasa dada anamwambia kila anayekuja kumpa pole nyumbani kwake Rusimbi kwamba bila mimi angekufa. Nimekwenda mara nne kumweleza ukweli. Mara zote ananiwahi mlangoni, "Kaa kwanza ule, mdogo wangu."

Nami nakaa... nakula.