Walioitika Sauti ya Ndolo

Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba ya kando ya kisima, na Mutindi hakuwa ameweka moto humo.

Aliisogelea kompyuta akatazama vizuri. Kijiji hicho alikijenga mwenyewe kwa miezi saba, katika chumba alichopanga juu ya duka la nguo pale Nunguni. Kilikuwa kijiji cha maelfi, wale watu wa hadithi za Ulaya, warefu, wenye masikio ya ncha, wanaokaa juu ya miti mikubwa na kuishi miaka elfu. Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa inatengeneza mchezo wa kompyuta ambamo kila mchezaji huchagua atakuwa nani, kisha akaingia na kuishi humo na wenzake. Katika mchezo wote huo, kijiji cha maelfi ndicho kilichokuwa cha Mutindi. Alizijua nyumba zake zote arubaini. Hii ya kisimani aliiacha tupu, mlango wazi. Sasa mlango ulikuwa umefungwa.

Alidhani kuna mwenzake aliyeigusa kazi yake, akamwandikia mkubwa wao, mwanamke ambaye hawakuwahi kuonana ila kwenye skrini. Jibu lilikuja kabla ya saa sita mchana. Hakuna aliyegusa kitu, lakini moshi ulikuwa umependeza, na auache.

Mutindi akauacha.

Uzuri wa kijiji kile aliutoa kwenye milima ya Mbooni. Mwezi wa nne yeye na ndugu yake mdogo, Ndolo, aliyekuwa akimfanyia kazi ya sauti, walipanda bodaboda mpaka njia ilipowashinda, wakamalizia kwa miguu hadi kwenye mikuyu ambako wazee wa zamani walikuwa wakitoa sadaka. Hadi leo hakuna anayekata kuni pale, hata waliookoka. Mama yao, Syombua, mtu wa kanisa tangu wao wakiwa wadogo, aliwaambia waende tu, hapo hakuna kitu ila miti. Mutindi akaipiga mikuyu picha kila upande, apate mahali pa kuwaweka maelfi wake. Ndolo akatega maikrofoni katikati ya mizizi. Na kwa kuwa mwangwi wa pale ulikuwa mtamu, akasomea papo hapo salamu ambayo maelfi wangewapa wachezaji. Alisoma kwa Kiingereza kama alivyotakiwa, kisha kwa Kiswahili na Kikamba, kwa mzaha tu.

"Karibuni. Ingieni bila hofu. Nyumba hizi ni zenu."

Ndege wote walinyamaza. Ndolo alicheka, akasema hata wao wamesikia, wakashuka kutafuta chai.

Wiki ya moshi ilifuatwa na wiki ya harufu. Ilikuwa Julai, ukungu umelala juu ya Nunguni hadi adhuhuri, na chumbani mle kukawa na harufu ya ngozi mbichi iliyolowa na maziwa yaliyochacha. Mutindi alifagia, akapiga deki, akafungua madirisha. Harufu ilipungua akizima kompyuta na kurudi akiiwasha. Akivaa vipokea sauti, nyuma ya upepo na maji ya kijiji alisikia watu wakipita kwa miguu mitupu kwenye matope, wengi, wasio na haraka, kama watu wanaohamia mahali.

Kisha mkubwa wake akamwandikia kwa furaha. Watu walioruhusiwa kuujaribu mchezo kabla haujafunguliwa walikuwa wanamiminika kwenye ile nyumba ya kisimani, kwa sababu ndani mlikuwa na elfi asiyerudia maneno. Ukimuuliza lolote anakujibu. Walitaka kujua Mutindi alimtengenezaje.

Mutindi hakuwa amemtengeneza. Alimwita Ndolo, wakaketi wote wawili mbele ya kompyuta, ikiwa saa nne asubuhi, wauza maparachichi wakiitana barabarani chini yao, Mutindi akaupeleka mkono wake wa ndani ya mchezo hadi mlangoni akabisha. Sauti iliyojibu kutoka ndani ilikuwa ya Ndolo.

"Ingia, Tindi," ilisema kwa Kikamba. "Mbona unabisha kama mgeni?"

Ndolo aliondoka kitini polepole. Alijishika koo, akamwambia dada yake kwa sauti ya chini kwamba hayo hakuyarekodi, hayo hakuwahi kuyasema popote, na alipokuwa akisema hivyo sauti yake mwenyewe ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu aliyeshinda kutwa akiita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

Kufikia Jumapili alikuwa ananong'ona. Jumatano hakuwa na sauti kabisa. Daktari alimulika koo lake, akasema ni zima, akampa dawa za kusukutua. Syombua alimpaka mafuta, akafunga siku tatu, akaja na wamama wa kanisa wakamwekea mikono. Ndolo aliwatazama tu, machozi yakimtoka, mdomo ukifunguka na kufumba.

Jambo ambalo Mutindi hajamweleza mama yake mpaka leo ni kwamba angeweza kuiondoa nyumba ile siku ileile ya kwanza. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini mchezo ulikuwa umebakiza wiki tatu ufunguliwe, jina lake lingeandikwa humo kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kila mtu aliyekiona kijiji chake alikuwa anasema hajapata kuona kama hicho. Alijiambia Ndolo ana mafua ya baridi. Alijiambia hivyo siku kumi.

Siku ya kumi na moja alishuka ngazi akamwita Muktar, mwenye duka la nguo, mtu wa Garissa aliyesoma Kurani tangu utotoni na ambaye watu wa Nunguni, hata wa makanisani, humwendea kimyakimya mambo yakiwazidi. Muktar alipanda, akasimama mlangoni akinusa. Aliuliza ile mashine imechomekwa wapi. Mutindi akachomoa waya, akatoa na betri, akaviweka kitandani.

Muktar alimketisha Ndolo sakafuni, akamwekea kiganja utosini, akaanza kusoma. Alisoma kwa utulivu, kama anayemsomea mtoto, na mwanzoni hapakuwa na kitu ila ukungu dirishani na kelele za soko, halafu kelele za soko zikafifia, ingawa dirisha lilikuwa wazi na watu walionekana wakinunua na kuuza kule chini, na mahali pake zikaja zile nyayo za matopeni, safari hii zikiizunguka meza na kupita kati yao mmoja mmoja, na ile harufu ya ngozi ikamjaa Mutindi kinywani hadi akaona anaitafuna, na kompyuta iliyozimwa, isiyo na waya wala betri, ikawaka taratibu ikaonyesha kijiji, na katika nyumba zote arubaini moshi ulikuwa unapanda.

"Mmetoka wapi?" Muktar aliuliza.

"Tulikaribishwa," sauti ya Ndolo ilisema kutoka mezani. Ndolo mwenyewe alikuwa amefumba mdomo. "Huyo alikuja kwetu mikuyuni akasimama mlangoni akatuambia nyumba ni zetu. Tuna watoto. Tumehama."

"Mwacheni kijana."

"Hatukumshika. Tumeshika alichotupa."

Muktar alifumba macho, akamwambia Mutindi asiwasikilize, akibomoe kijiji chote. "Chote, dada yangu. Usibakize hata mti."

Mutindi aliirudisha betri. Alifuta nyumba moja baada ya nyingine, na katika kila nyumba aliyoifuta palitoka kilio, si cha kutisha, kilio cha watu wa kawaida wanaotolewa vyombo nje. Cha mwisho kilikuwa kisima. Ndolo akakohoa, akatema maji meusi yenye vipande vya majani, akasema, "Tindi."

Kwa siku tatu nyumba ya Syombua ilikuwa na furaha. Walichinja kuku. Ndolo aliongea mpaka akachosha watu.

Siku ya nne, wakiwa mezani mchana, Ndolo alikuwa anasimulia jinsi alivyoanguka na bodaboda pale kona ya kanisa, mama yake akicheka, na katikati ya neno akanyamaza. Mdomo uliendelea kusimulia. Mikono pia. Ilichukua muda kabla ya Syombua kuacha kucheka.

Ng'ambo walikuwa na nakala. Mkubwa wake alimwandikia Mutindi kwamba wanaelewa uchovu wake na hawatamshtaki, kijiji wamekirudisha kama kilivyokuwa, na tangu leo hana ruhusa ya kukigusa. Mutindi aliandika barua kumi na moja. Katika ile ya mwisho alieleza kila kitu, mikuyu, nyayo, maji meusi. Hiyo haikujibiwa. Muktar alimwambia kwamba mtu hawezi kumfukuza mpangaji kwenye nyumba isiyo yake.

Mchezo ulifunguliwa, ukapendwa. Ukaingia hadi kwenye simu. Jina la Mutindi halikuwamo.

Mwezi wa kumi alienda kumwona mama yake. Ndolo alikuwa jikoni akichambua maharagwe, amekonda. Mama hakuonekana. Walimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda juani, simu mpya mapajani, akiongea kwa upole ambao Mutindi hakuwa ameusikia tangu baba yao azikwe. Kwenye simu kulikuwa na mlango, na kisima kando yake.

"Mwaitu, umekula?" sauti iliuliza, kwa lile jina ambalo Ndolo alimwita mama yake tangu alipojua kusema.

"Nimekula, mwanangu."

Mutindi alipiga magoti akaishika ile simu, akamsihi mama kwa sauti ya chini, akamwambia huyo si Ndolo, Ndolo yuko hapa. Syombua hakuiachia.

"Huyu ananiongelesha," alisema. "Kila siku ananiuliza nimeamkaje. Huyo wako ananiangalia tu."

Ndolo alikuwa amesimama nyuma ya kigoda na sinia la maharagwe mkononi. Alikuwa amesikia.

"Mwaitu," simu ikasema, "ni nani huyo amesimama nyuma yako?"

Syombua aligeuka. Akamtazama mwanawe usoni kwa muda mrefu, kisha akairudia simu.

"Hakuna mtu," alisema.