Sumu Iliyoshuka na Mfereji wa Mang'ola

Ndugu zangu wa Karatu na bonde lote la Eyasi, sikieni yaliyompata jirani yetu Yohani, ili yasiwafike na ninyi.

Yohani na mkewe Bernadina walilima vitunguu Mang'ola, kando ya mfereji. Chini yao, maji yanakoishia, waliishi wafugaji Sakaya na mkewe Kakenya, waliohama Endulen kutafuta malisho. Jioni Kakenya alipanda na maziwa, akashuka na vitunguu, huku binti yake mdogo Nasieku akikimbizana na kuku wa Bernadina. Hakuna aliyemwita mwenzake mgeni.

Kisha akaja Silvanus, wakala wa kampuni inayopeleka maharage machanga ng'ambo.

"Mzee Yohani, achana na vitunguu," alisema. "Wazungu wanataka maharage yasiyo na doa. Dawa ya wadudu nitakuletea mwenyewe. Ila ukikaribia kuvuna, usipulizie kabisa. Kule wanapima. Wakikuta sumu, wanatupa mzigo wote."

Yohani akakubali. Kila alipomaliza kupulizia, alisuuza bomba la dawa mferejini, makopo ya dawa akayaacha ukingoni.

"Baba Julius, watu wa chini wanakunywa haya maji," Bernadina alimwonya.

"Maji yanakwenda, Mama Julius. Hayakai na sumu."

Ni kweli, msomaji wangu, maji yanakwenda. Lakini yanakwenda kwa mtu.

Kiangazi kilipokaza, mfereji ukabaki uzi mwembamba. Mbuzi wa Sakaya wakaanza kuanguka baada ya kunywa. Kabla hajajua sababu, Nasieku akarudi nyumbani kutoka mferejini akitapika, povu likimtoka mdomoni. Baba yake akampakata kwenye bodaboda kumkimbiza hospitali. Mtoto alikata roho njiani.

Siku ya mazishi, Yohani akiwa bado nyumbani, simu yake ililia. Alikuwa Silvanus, sauti imejaa furaha.

"Hongera, mzee! Maharage yako yamepimwa, safi kabisa!"

Bernadina alisikia. Akaketi chini, akalia.

"Mlaji wa ng'ambo kapimiwa chakula chake. Nasieku nani alimpimia maji?"

 Yohani alishuka hadi kwenye boma la Sakaya, akapiga magoti mbele ya waombolezaji.

"Sumu ni yangu. Nilionywa, sikusikia."

Vijana walishika fimbo. Sakaya akawazuia kwa mkono.

"Nikikupiga," alisema, "kesho mwingine atasuuza bomba lake palepale. Inuka. Twende kwa wakulima wenzako, ukawaambie kwa kinywa chako."

Akawaambia. Wakulima wakachimba shimo la kuoshea mabomba mbali na maji. Wakamtaka Silvanus kampuni yake ipime na mfereji pia. Alisema hiyo si kazi yao, nao wakamrudishia mbegu za maharage alizowagawia.

Leo mbuzi wanakunywa salama. Lakini Kakenya hapandi tena kwa Bernadina, na wakikutana mnadani, hugeuza uso.

FUNDISHO

Biashara inayomlinda mlaji wa mbali huku ikimuua jirani si maendeleo. Mkulima, kabla hujasuuza bomba, jiulize maji yanashukia kwa nani. Na mnunuzi akija kupima mazao yetu, tumwambie kwa umoja: anza na maji yetu. Msamaha unaweza kuombwa na hata kutolewa, ila kaburi halirudishi mtoto.