Mogesi na Chumba Namba Nne

"Hivi Baba Irine, mkeo akiimba 'mume wa ujana wangu' mbele ya watu wa Kampala, na wewe uko hapa na unga kwenye nyusi, macho yake anayaweka kwa nani?"

Jirani yao Regina alimuuliza Mogesi hivyo siku alipokuja kusaga mahindi kwenye mashine yake pale Kerende. Akajitwisha ndoo yake, akaondoka anacheka, na kabla hajafika kwake alishasahau. Mogesi hakusahau. Alizima mashine, akaiwasha, akaizima tena. Swali lilimkaa kooni kama pumba, na maji hayakulishusha.

Mkewe, Ghati, ni mwimbaji. Anatunga mwenyewe na kuimba mwenyewe. Alianzia kwaya ya kanisa, kwenye mstari wa nyuma, mpaka Mungu akamfungulia. Albamu yake mpya, Mume wa Ujana Wangu, ilivuka mpaka kuliko alivyotegemea, akaitwa kuimba Kigali, Kampala, Lusaka, Nairobi na Kisumu. Miezi miwili barabarani, halafu afunge ziara nyumbani, Tarime mjini, siku ya Jumamosi. Nyimbo zote kumi zilimhusu Mogesi. Alizisikia zikizaliwa jikoni, mke anapepeta mtama, yeye anakunywa chai.

Tatizo lilikuwa Orwa. Orwa ndiye mpiga gitaa, Mjaluo wa Sirari, mrefu, mcheshi, mtu wa kupiga nyuzi huku amefumba macho kama anayeomba. Mogesi alimchukia hata hayo macho kufumba.

Simu za ziara zikawa za namna moja.

"Umefika?"

"Tumefika, Baba Irine. Lusaka kuna baridi, we acha tu."

"Tumefika wewe na nani?"

"Mimi na bendi. Watu saba. Ulitusindikiza mwenyewe."

"Washa video."

Akawasha.

"Zungusha simu. Polepole. Hapo. Chini ya kitanda kuna nini?"

Ghati akapiga magoti, akashusha simu mpaka sakafuni.

"Viatu vyangu na vumbi la Wazambia. Niliite lije lijieleze?"

"Usinichezee. Kabati."

Akafungua kabati. Hanga nne na gauni moja.

"Haya. Ulale salama."

"Mume wangu, saa kumi na moja jioni hii. Nalalaje? Naenda kuimba."

Mogesi alicheka kidogo, halafu akakumbuka kwamba hapaswi kucheka.

Wiki hiyo hiyo mtu akaweka video ya Kampala mtandaoni, sekunde kumi na mbili tu. Ghati yuko jukwaani, amemwegemea Orwa begani, anacheka mpaka meno ya mwisho yanaonekana. Chini yake watu wameandika: "Hawa wanapendana jamani." Mogesi aliitazama mpaka bando likaisha. Akanunua jingine, akatuma ujumbe.

"HUYO MTU UNAMSHIKA BEGA KWA KIBALI CHA NANI."

Jibu likaja: "Kisigino cha kiatu kilikatika nikataka kuanguka. Ulitaka nianguke mbele ya watu elfu mbili?"

"NDIYO."

Ghati akazima simu.

Alhamisi ya mwisho wa ziara Ghati alipiga kutoka Kisumu. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Jumamosi nitafika moja kwa moja uwanjani, Baba Irine. Tukutane huko."

"Sawa. Na mama mkwe bado yuko Ringwani kwa dada yake? Nilimpelekea salamu nyumbani kwake Kenyamonta, nikaambiwa hajarudi."

Kimya.

"Bado."

"Mbona umekaa kimya kwanza?"

"Mtandao, mume wangu."

Mogesi akaitazama simu kama inayomdanganya kwa niaba ya mtu.

Ijumaa saa sita mchana, Benedicto wa pikipiki akaingia pale mashineni bila kuzima injini.

"Mura, funga mashine."

"Kuna foleni ya watu, huoni?"

"Funga. Nimetoka kupeleka abiria Sirari. Nimemwona shemeji."

"Shemeji yupi?"

"Ghati! Kajifunika kanga, lakini mwendo wake naujua. Anaingia gesti ile ya geti la bluu, na yule mpiga gitaa kambebea begi. Mchana kweupe."

Wenye ndoo wote wakasogea wasikie. Mogesi akapiga simu pale pale, unga unamdondoka mikononi.

"Uko wapi?"

"Kisumu."

"Kisumu ipi?"

"Kisumu ziko ngapi, Baba Irine?"

Nyuma ya sauti yake mpiga debe alikuwa akipiga kelele: "Tarime! Tarime mmoja! Tarime mmoja tunaondoka!"

"Siku hizi Kisumu wanaita abiria wa Tarime?"

Simu ikakatika. Mogesi akavaa koti.

"Mura, hiyo kwenye koti ni nini?" Benedicto akauliza.

"Spana ya mashine."

"Ya kufungua nini? Iache. Mimi sikubebi na chuma. Nina mke na watoto."

Akaiacha juu ya gunia. Wakashika njia kutoka Kerende mpaka Tarime mjini, na kutoka mjini mpaka mpakani Sirari. Benedicto alijaribu kuongea habari za mvua, akaachana nazo.

Benedicto akabaki nje na pikipiki. Kwenye gesti kulikuwa na dada wa mapokezi, anasuka nywele za mwanasesere wa mtoto wake.

"Mke wangu yuko chumba gani?"

"Hatutaji wageni, kaka. Kaa hapo nikamwulize."

Lakini Mogesi alishasikia. Mlango wa pili kutoka mwisho, umeandikwa nne, mtu alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, ile sauti ya jikoni. Mume wa ujana wangu, usiku ukiwa mrefu nishike. Wimbo wake yeye. Ndani maji yakamwagika kwenye beseni, halafu mtu akaguna, mguno mzito wa kutoka kifuani.

"Kaka, usi..."

Alisukuma mlango kwa bega. Komeo dogo likaruka.

Mtu aliyekuwa kitandani ni Boke, mama mzazi wa Ghati.

Amelala kwa ubavu, kanga imeshushwa, tumbo limefungwa bandeji pana. Ghati amepiga magoti pembeni na kitambaa cha maji ya vuguvugu, anamkanda mgongo. Mama na mkwe walitazamana. Ilikuwa kitambo kifupi sana, lakini kilitosha.

"Uwiii! Mkwe! Mungu wangu, mkwe!"

Mama mtu mzima alivuta shuka mpaka juu ya kichwa, na chini ya shuka akaanza kulia kama mtoto. Mogesi alirudi nyuma, akajigonga kwenye fremu, akatoka huku amejiziba macho kwa viganja vyote viwili.

Wasio Wakurya wanaweza kusema, basi si mgonjwa tu? Hapana. Kule kwetu mwanaume hali chakula mbele ya mama wa mkewe. Hampi mkono. Akimwona njiani anampisha, anapita kando. Na kitanda cha mkwe hakionwi, mpaka mmoja wao azikwe. Mogesi kwa miaka kumi na moja alikuwa akimsalimia yule mama kwa umbali wa ua mzima, na watu wakamsifu kwamba ana adabu.

Ghati alitoka, akauvuta mlango nyuma yake. Mikono yake ilikuwa bado inadondoka maji.

"Kisumu," Mogesi alisema.

"Ndiyo. Nilikudanganya. Mungu anisamehe, nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Mama ana ugonjwa wa uzazi tangu Pasaka. Alinishika mkono akaniambia, dunia nzima ijue, mkwe wangu asijue. Nikamwapia. Dada yake Orwa, Dorka, ni nesi Kisumu, ndiye aliyempokea na kukaa naye nilipokuwa naimba huko. Wamempasua wiki iliyopita. Leo nilikuwa namrudisha Kenyamonta, barabara ikamtonesha. Tukaingia hapa apumzike."

"Ungeniambia anaumwa tu. Basi."

"Ungeuliza anaumwa nini."

Mogesi akajipangusa unga kwenye koti.

"Ungeuliza anaumwa wapi. Ungeuliza daktari ni mwanaume au mwanamke. Ungesema washa video. Kigali ulitazama chini ya kitanda. Lusaka ukatazama. Nikawa nasema moyoni, ananipenda huyu, itapita. Leo umetazama juu ya kitanda, Baba Irine. Umemwona mama yangu."

Kutoka ndani sauti ya Boke ikaja, dhaifu.

"Ghati. Nivalishe. Tuondoke."

"Mama, hujapumzika."

"Siwezi kubaki nyumba hii. Nivalishe."

Mogesi alipiga magoti kwenye saruji, mwanaume mzima, dada wa mapokezi anamwona.

"Nitaenda kwa wazee leo leo. Faini watakayoitaja nitaipeleka. Nitasimama mbele ya ukoo wako niseme kosa ni langu peke yangu. Nisamehe, mke wangu. Wivu umenifanya kama mtu asiye na kwao."

Ghati alimtazama. Uso wake ulianza kulegea, polepole, kama ulivyokuwa ukilegea zamani wakigombana na kupatana kabla ugali haujaiva. Akaweka mkono wake wenye maji begani kwake.

"Inuka," alisema. "Sakafu ina baridi. Wazee watasema lao, na mama atachukua muda. Lakini mimi..."

Hapo geti likalia, Orwa akaingia na chupa ya uji.

"Omera! Baba Irine! Umefika lini? Aki ungesema nikuletee pia." Akaangalia komeo lililolegea, akaangalia magoti ya Mogesi. "Kuna nini? Mama ako sawa?"

Mogesi alikuwa bado amepiga magoti. Mkono wa mkewe ulikuwa bado begani kwake. Msamaha ulikuwa umefika mlangoni, umebaki kuingia tu. Yeye mwenyewe baadaye hakuweza kueleza ni nani aliyeufungua mdomo wake.

"Na huyu? Jana kule Kisumu alilala chumba gani?"

Ghati aliutoa mkono.

Orwa alicheka kwanza, akidhani ni utani. Alipoona hakuna anayecheka, akasema taratibu, "Nililala kwa Dorka, na shemeji yangu, mume wake, na watoto wao wanne. Mama alilala kitanda cha Dorka. Mkeo alilala chini, miguuni pa mama."

Mogesi alimgeukia mkewe ili asikie kutoka kwake. Ghati alichukua chupa ya uji, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa namna mlango ule ulivyoweza kufungika.

Mogesi akainuka, akajipangusa magoti. Orwa akatoka kwenda kuwasha gari lililowaleta. Kutoka ndani kulisikika nguo zikivutwa, na mgonjwa akihema.

Dada wa mapokezi ndiye aliyeongea. Na yeye alikuwa Mkurya.

"Kaka, geuka. Mama anapita."

Mogesi akageukia ukuta, akabandika paji la uso kwenye rangi ya kijani. Mlango ukafunguka. Akasikia ndala zikiburutwa, hatua moja, pumzi, hatua nyingine. Nyuma ya ndala kulikuwa na viatu anavyovijua. Vilipofika mgongoni kwake vikasimama.

"Ghati," aliuambia ukuta.

Hakuruhusiwa kugeuka. Mama alikuwa bado hajafika getini.

"Ghati, kesho uwanjani nikae wapi?"

Viatu vilibaki pale kidogo. Halafu vikaendelea, pamoja na zile ndala, mpaka kwenye kokoto za nje. Milango ya gari ikafungwa, mmoja, wa pili.

Dada wa mapokezi alipomwambia sasa anaweza kugeuka, Mogesi alibaki vile vile, anaangalia ukuta.