Ncha Mbili za Picha

Asubuhi ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, jirani yetu Verneri Saarikko alikunywa vikombe viwili vya kahawa, akaifuta lenzi ya kamera yake kwa kitambaa cha hariri, kisha akaipakia garini kwa uangalifu, kama mtu anayepakia mgonjwa. Katika miji yote ya machimbo ya chuma kaskazini mwa Minnesota hapakuwa na nyingine kama hiyo. Ilizunguka yenyewe juu ya miguu yake mitatu, ikiendeshwa na mtambo uliokazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani, na filamu yake ilimzidi mtu mzima kwa urefu. Watu mia mbili wakijipanga kwa nusu duara, iliwatoa wote katika mstari mmoja ulionyooka, nawe ungeweza kuhesabu vifungo vya shati la kila mmoja.

"Mwaka huu iache, Verneri," mkewe Lempi alimwambia mlangoni. "Sababu unaijua."

"Ni mzaha wa vijana tu, Lempi. Wanakimbia."

"Vijana, sawa. Na Bibi Hilja naye alikimbia?"

Verneri aliufunga mlango wa gari. Kila mwaka, mji ulipojipanga kwa picha ya sikukuu, kijana mmoja mwenye mbio alisimama ncha ya kushoto, na kamera ilipokwisha kumpita, alizunguka nyuma ya mpiga picha akaiwahi ncha ya kulia. Picha ikitundikwa katika ukumbi wa mji, yumo mara mbili, na watu wote wanaangua kicheko. Lakini mwaka juzi aliyetokea mara mbili alikuwa Bibi Hilja, ajuza wa miaka themanini. "Bibi, kumbe una mbio hivyo!" walimtania. Theluji ya kwanza iliangukia kaburi lake. Mwaka jana alikuwa seremala Kaarlo, ambaye aliapa kwamba hakusogea. Naye hakuiona Krismasi.

Verneri aliyajua yote hayo. Hata hivyo, kila alipoinama nyuma ya kamera ile na kuuona uwanja mzima, majani na nyuso, ukimngoja yeye, moyo wake ulilegea. Hakuweza kuiacha.

Binti yao Sylvi, wa miaka kumi na mmoja, alitembea kwa magongo tangu homa ilipomlemaza miguu.

"Baba, leo na mimi niwemo," alisihi. "Mimi nani atasema nimekimbia?"

Akacheka. Hata Verneri alicheka.

Alimweka ncha ya kushoto, magongo kwapani, kisha akauachia mtambo. Kamera ikazunguka ikivuma kama nyuki ndani ya kopo. Ilipokwisha kumpita mtoto, Verneri alimwendea, akamshika mabega kwa mikono yote miwili, akamshikilia mpaka mtambo uliponyamaza.

"Baba, unaniumiza."

"Vumilia kidogo, mwanangu."

Sylvi hakusogea hata unyayo.

Mchana huohuo aliisafisha filamu katika sauna, kibanda cha kuogea mvuke nyuma ya nyumba, dirisha likiwa limezibwa kwa blanketi na taa nyekundu ikiwaka. Akaivuta taratibu kutoka kwenye dawa. Nyuso zilikuwa nyeusi na nywele nyeupe, kama ilivyo kawaida ya filamu kabla ya kuchapwa picha. Sylvi alikuwa kushoto, na magongo yake. Akaendelea kuvuta. Wachimba migodi. Wake zao. Watoto. Akafika ncha ya kulia.

Palikuwa na msichana. Gauni lilelile. Amesimama. Hana magongo.

Verneri alitwaa mkasi, akamkata yule msichana, akakitia kipande ndani ya kopo na kukaza kifuniko. Alitaka kumtoa pichani.

Akamtoa.

Alfajiri aliamshwa na kishindo cha miguu jikoni.

"Verneri! Njoo uone!" Lempi alikuwa akilia kwa furaha. "Mtoto anakimbia!"

Sylvi alikuwa akiizunguka meza, miguu mitupu. Chumbani kwake, magongo yalilala kitandani, yamefunikwa shuka hadi juu, kama maiti.

"Baba, mbona hucheki?" Akamkumbatia shingo. Mikono yake ilikuwa baridi, na ilinuka dawa ya filamu. Akamnong'oneza, "Mkasi wako una makali."

Verneri alikimbilia sauna. Kifuniko kilikuwa kimekazwa vilevile. Ndani ya kopo, kipande cha filamu kilionyesha majani matupu.

Alikirudisha mahali pake kwa gundi. Asubuhi kilikuwa sakafuni. Akakirudisha tena. Kikaanguka tena. Mji mzima ulimshukuru Mungu kwa muujiza, ukaidai picha ya sikukuu ile, ikatundikwa ukumbini bila kile kipande.

Kiangazi kilichofuata, Verneri aliiona ncha ya kushoto ya picha ile ikiwa na pengo. Sylvi wa magongo alikuwa amesogea nyuma ya mtu wa nne. Hakuitazama kamera tena. Alitazama kulia, mdomo wazi, kama anayeita.

Kila mwaka husogea. Verneri humtafuta kwa kioo cha kukuzia, akimsihi kwa sauti ya chini, "Simama, mwanangu. Huko hakuna mlango." Nyumbani, yule mwingine hukimbia kuzunguka meza, na hajarefuka hata kidole kimoja.

Mwaka huu amebakiza watu watatu kuufikia ukingo uliokatwa. Na kila asubuhi mfagiaji wa ukumbi hufuta sakafuni, chini ya picha, alama mbili ndogo za mviringo, kama za ncha za magongo, za udongo mbichi.