Kola Arobaini

Kila asubuhi Mama Pacha aligonga ukuta mara mbili. Jirani yake, tuliyemwita Kifungo kiwandani, akasikia akachukua ndoo. Walienda bombani pamoja, kisha kiwandani pamoja. Miaka sita walikaa cherehani kwa cherehani, wakishona kola za mashati yanayouzwa nchi za nje. Waliambiana kila kitu.

Jambo moja tu Kifungo hakulisema.

Wiki moja msimamizi alimwinamia sikioni. "Dada, mnunuzi ameshusha bei. Nitapunguza watu. Wewe shona kola arobaini kwa siku badala ya thelathini, mshahara ule ule, nikulinde. Iwe siri yetu."

Kifungo akakubali. Akajiona ana bahati.

Jioni moja, wakirudi nyumbani, Mama Pacha alikaa chini kando ya njia. Vidole vimemvimba.

"Kuna nini, shoga?"

"Msimamizi anataka kola hamsini. Nikishindwa, Jumamosi sina kazi. Anasema kuna mtu amekubali arobaini bila kulalamika."

"Nani?"

"Wewe."

Kifungo alijishika mdomo.

Nyumbani walimkuta wifi yake Kifungo, mwoka mikate, katibu wa chama cha wafanyakazi kazini kwake.

"Wifi, nimemchimbia mwenzangu shimo!"

"Na mdomo huo unaojua kunisema mimi, kazini uliuacha wapi?" wifi akamjibu. "Kaeni. Mnunuzi kutaka bei nafuu si dhambi. Hata wewe unavutana na muuza vitunguu. Lakini wauza vitunguu wakishushiana bei kwa siri, nani kati yao atakula? Ninyi mnauza kazi ya mikono. Mmoja mmoja, mnashindana wenyewe kwa wenyewe. Mkiwa chama, mnauza kwa bei moja."

"Mnunuzi akihamia kwingine je?" aliuliza Mama Pacha.

"Anaweza. Ndiyo maana chama hakidai ovyo. Kwanza kinadai kuiona oda, karatasi ya mnunuzi yenye bei. Kijue shati linaingiza nini, ndipo kiseme."

Kesho yake Kifungo alisimama bombani akaitoa siri yake mbele ya wenzetu wote wa kiwandani. Aibu ilimchoma. Kisha mwingine akasema, "Hata mimi." Na mwingine. Mimi wa meza ya kukatia vitambaa nilikuwa na siri yangu pia, na mpaka leo sijamsamehe msimamizi yule.

Tulijiandikisha kuwa chama, watu sitini. Viongozi wetu wakadai oda, wakaonyeshwa. Bei ya mnunuzi haikuwa imeshuka hata senti moja!

Kola zikarudi thelathini. Hakuna aliyefukuzwa. Vidole vya Mama Pacha vikapona.

Mwezi haukuisha, msimamizi akamwinamia tena Kifungo. "Dada, wewe peke yako..."

Kifungo alizima cherehani. Mama Pacha akazima yake.

"Sema kwa sauti, bosi," Kifungo alisema. "Wenzangu hawajasikia."