Vitambaa vya Magunia ya Muhogo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ireti alifagia ua wa kiwanda cha Alhaja Simbiati, pale Ijebu-Ode. Wanawake walimenya muhogo mchungu, mashine ikaukuna, kisha ukatiwa kwenye magunia na kugandamizwa kwa vyuma ili maji yenye sumu yatoke nao uchachuke. Ukishachachuka, ulikaangwa hadi ukawa chenga kavu. Gunia bichi lilifungwa kitambaa chekundu, na lililo tayari kukaangwa, cheupe. Hiyo ilikuwa sheria ya Alhaja, na kwa sheria zake mama huyo hakuwa na mzaha.

Alhaja alikuwa tajiri, lakini hakuula utajiri wake peke yake. Ndiye aliyemlipia Ireti ada, na kila Ijumaa aliwalisha watoto wa kituo cha yatima. Alichokichukia ni udanganyifu. Msichana mmoja aliyemdanganya mwaka uliopita aliacha kulipiwa shule, na Ireti alilijua hilo vizuri.

Alhamisi jioni Ireti na rafiki yake Bolanle walivifungua vitambaa vile, wakaviunga kuwa kamba ya kuruka. Waliposikia sauti ya Alhaja getini, Ireti alivirudisha mbio mbio, kwa kubahatisha tu.

"Acha woga wako," Bolanle alimnong'oneza. "Gunia ni gunia. Nani atajua?"

Kesho yake Ireti alipofika kufagia, alikuta muhogo wa magunia ya vitambaa vyeupe umekwisha kukaangwa. Alikwenda shule, lakini hakusikia hata neno moja la mwalimu.

Mchana alikwenda kituoni kusaidia kugawa mabakuli, kama kawaida yake. Chenga zilitiwa maji baridi, sukari na karanga. Ireti alilinusa bakuli moja. Ile harufu ya uchachu haikuwepo. Akisema, shule basi. Akinyamaza, je? Mbele yake Dayo, mtoto mdogo kuliko wote, alikuwa amekwisha kuinua kijiko.

Ireti akampokonya. Dayo akaangua kilio, na walezi wakamjia juu Ireti. Yeye akapiga magoti mbele ya Alhaja, aliyekuwa amesimama akiangalia watoto wakigawiwa chakula.

"Mama, wasile. Nilivichezea vitambaa. Sijui gunia lipi lilikuwa bichi."

Alhaja alichota chenga kidogo, akatafuna, akatema.

"Hazijachachuka hizi," alisema. "Wekeni vijiko chini, wote."

Chakula chote kilimwagwa, na walezi wakabandika viazi vikuu. Watoto walinung'unika kwa njaa, lakini hakuna aliyeugua. Ireti alikuwa bado amepiga magoti.

"Ulikuwa unajua tangu jana?" Alhaja alimuuliza.

"Ndiyo, Mama. Niliogopa utaniachisha shule."

"Shule utaendelea, kwa sababu umesema mwenyewe. Lakini umechelewa, mwanangu. Kijiko kimoja tu, na sasa hivi tungekuwa tunakimbilia hospitali. Ukikosea kwenye chakula cha watu, sema palepale, hata kama unatetemeka."

"Nimesikia, Mama."

"Kuanzia kesho vitambaa utafunga wewe. Na kila Ijumaa, kabla Dayo hajala, kijiko cha kwanza utakula wewe."

Ireti aliinua macho. Dayo alikuwa ameketi palepale, ameokota kijiko chake tena, akimsubiri aonje kwanza.